Siku sita mpaka boya la pili: shajara yangu ya triatloni ya baharini

JUMATANO

Begi nimelifunga jana usiku na asubuhi hii nimelifungua tena mara tatu, kila nikikaa nakumbuka kitu. Miwani ya kuogelea miwili, mmoja wa kioo cheusi maana jua la asubuhi linakaa chini kabisa juu ya maji na linakupiga usoni, helmeti, viatu vya baiskeli, raba za kukimbilia, tyubu mbili za akiba, pampu ndogo, vaselini, mkanda wa namba. Baiskeli nimeitoa magurudumu na pedali ili iingie kwenye buti la basi. Kama hujawahi kutoa pedali ujue ile ya kushoto inafunguka kinyume na ya kulia, mimi niliwahi kuikazana nusu saa nzima nikidhani nafungua kumbe ndo naikaza.

Kwa asiyeujua mchezo huu, triatloni ni kuogelea, baiskeli na kukimbia, vyote mfululizo na saa haisimami hata ukiwa unavaa viatu. Yetu ya Jumapili ni ule umbali unaoitwa wa olimpiki, mita 1,500 baharini, kilomita 40 za baiskeli, kilomita 10 za mbio, umbali uleule ulioingia kwenye michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza kule Sydney mwaka 2000. Sisi ni watu wa kawaida tu, tuna kazi na watoto, tunafanya mazoezi saa 11 alfajiri kabla nyumba haijaamka.

Sasa niseme ukweli kwa nini safari hii inanikosesha usingizi. Mwaka jana nilikuja kwenye mashindano haya haya nikatoka majini nikiwa kwenye kayaki ya uokoaji, ule mtumbwi mwembamba wa kasia. Nilifika boya la pili, pumzi ikagoma, kifua kikabana kama mtu kanifunga kamba, nikanyoosha mkono nikashika kayaki na nikamwambia kijana aliyekuwa juu yake basi nipeleke ufukweni. Baiskeli yangu ilibaki imening'inia peke yake kwenye fremu ya kutundikia, pale kwenye uwanja tunaobadilishia kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine, wenzangu wote wameshaondoka na zao. Ile picha ya baiskeli moja imebaki kwenye uwanja mtupu imenifuata mwaka mzima, na mwaka mzima nimeogelea bwawani mara tatu kwa wiki kwa sababu yake.

Tumefika jioni. Nimeunganisha baiskeli, nimezungusha gia zote, breki ziko sawa. Bahari naisikia kutoka dirishani ila sijaenda kuiangalia.

ALHAMISI

Leo ndo nimejifunza kitu kikubwa kuliko miezi yote ya bwawani, ngoja nikieleze vizuri.

Nilishuka ufukweni saa 1 asubuhi, muda uleule wa mashindano, nikaingia. Mita hamsini za kwanza safi kabisa, maji ya chumvi yanakubeba kuliko ya bwawa, miguu yenyewe inaelea juu bila kuipigia kelele. Nikainua kichwa kutafuta ule mwamba niliokuwa nimeuchagua kama alama na sikuuona mbele, ulikuwa pembeni kabisa upande wa kushoto, yaani nilikuwa napiga mikono kwenda mbele huku bahari inanihamisha kwa ubavu. Nikageuka kurudi, hapo ndo nikaona shughuli. Napiga mikono ishirini, naangalia, mwamba uko palepale. Nikaacha kushindana na maji, nikakata kwa pembeni sambamba na ufukwe mpaka nilipotoka kwenye ule mkondo alafu ndo nikaelekea nchi kavu. Hiyo niliwahi kuisoma na nikashukuru kuwa niliisoma, maana mwili wote ulikuwa unanituma nipige moja kwa moja kuelekea nchi kavu, na wengi wanaozama kwenye mikondo wanazama kwa kuchoka wakipigana nayo hivyo hivyo.

Nilipotoka kulikuwa na mzee mmoja anashona nyavu, alikuwa ananiangalia muda wote. Nikamwamkia, akaniuliza "umekuja kwa ajili ya yale mashindano?" nikamwambia ndio mzee. Akasema, "Saa hii maji yanatoka mwanangu, tena yako katikati ya kutoka, ndo kasi yake. Umeingia saa mbaya."

Akanifundisha na fimbo kwenye mchanga. Maji kutoka kujaa mpaka kupwa yanachukua saa sita na kidogo, lakini hayatoki sawasawa. Ukigawa maji yote mafungu kumi na mbili, saa ya kwanza linatoka fungu moja, ya pili mafungu mawili, ya tatu na ya nne matatu matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa hiyo pale mwanzoni na mwishoni bahari karibu imesimama na pale katikati inakimbia. Na kila siku saa ya maji kujaa inasogea mbele kama dakika 50 hivi kwa sababu ya mwezi, kwa hiyo leo yamejaa kama saa 10 na nusu alfajiri, Jumapili yatajaa karibu saa 1 asubuhi. Kisha akaongeza kuwa mwezi unakaribia kuwa mpevu na hizi ni siku za bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, kwa hiyo mkondo wake nao ni mkali kuliko siku za maji mafu.

Nikakaa pale kwenye mchanga nikijumlisha mambo. Waandaaji hawakuchagua saa 1 hivi hivi, wamechagua muda bahari imesimama. Lakini bahari inasimama kwa muda mfupi. Wale wa kasi wanamaliza mita 1,500 kwa dakika ishirini na kidogo, wanaogelea kwenye maji yaliyotulia mwanzo mwisho. Mimi ninayetumia dakika arobaini, na nipo kundi la tatu linaloanza baadaye, mwisho wangu utakuwa maji yameshaanza kugeuka. Mwaka jana sikulijua hili kabisa, nilidhani mimi ni dhaifu tu.

Mchana nimelala. Jioni baiskeli dakika arobaini taratibu na nikishuka tu nimekimbia dakika kumi, mapaja yakiwa bado yanafikiri yako kwenye pedali. Hili zoezi la kuunganisha baiskeli na mbio nisingelifanya kwa miezi ningesema miguu yangu imeharibika, kwa sababu hatua za kwanza ni kama umefungiwa matofali.

IJUMAA

Nimeogelea dakika ishirini tu, mapema zaidi, maji yakiwa yametulia. Nimefanya zoezi la kuangalia mbele: mikono minane, macho yanachungulia juu ya maji kama ya mamba, kisha kichwa kinageuka kuvuta hewa. Ukiinua kichwa kizima miguu inazama na unaanza kuogelea mlima. Konyeza mmoja, yule mnyama laini wa baharini anayechoma, kanigusa mkononi, kamstari kekundu kanachoma, nikasafisha kwa maji ya bahari yenyewe maana ya bomba yanaamsha sumu iliyobaki kwenye ngozi, sikusugua, kwa saa mbili ikawa imetulia.

Zaidi ya hapo ni kupumzika na kunywa maji. Siku mbili kabla ya mashindano hakuna zoezi litakalokuongezea nguvu, ila lipo litakalokupunguzia.

JUMAMOSI

Asubuhi kujiandikisha. Namba, kofia ya rangi ya kundi letu ambayo ni ya machungwa, chipu ya kupimia muda ya kufunga kwenye kifundo cha mguu. Baiskeli imekaguliwa, breki, ncha za usukani lazima zizibwe, helmeti isiwe na ufa. Kisha nimeiingiza uwanjani kwenye fremu yake. Nikatembea kutoka mlango wa majini mpaka kwenye baiskeli nikihesabu safu, nikarudi, nikatembea tena, kwa sababu kesho nitakuja hapa kichwa kinazunguka na baiskeli mia zinafanana.

Jioni kulikuwa na kikao cha maelekezo. Mwaka jana nilichelewa basi sikukihudhuria kikao hiki, na leo nimejua kosa lile lilinigharimu nini.

Refa mkuu alipitia sheria moja moja. Helmeti ifungwe kamba kabla hujaigusa baiskeli, na usiifungue mpaka uirudishe kwenye fremu. Usipande baiskeli kabla ya mstari wa kupandia. Sisi wa ridhaa hakuna kujificha nyuma ya mtu ukatize upepo kwa mgongo wake, mita 10 kati ya baiskeli na baiskeli, ukiingia humo umeingia kupita, basi pita. Joto la maji lilipimwa nyuzi 24, kwa hiyo suti za mpira hakuna, kwa ridhaa na umbali wetu zinaruhusiwa maji yakiwa chini ya nyuzi 22.

Baadaye dada mmoja mbele yangu akanyoosha mkono akauliza, "Mtu akichoka majini akashika kayaki ametolewa?"

Refa akasema hapana. Akasema unaruhusiwa kushika boya au kayaki ukapumzika muda unaotaka, na hakuna adhabu yoyote, ilimradi kisikusogeze mbele. Ukishapata pumzi unaachia unaendelea. Unatolewa pale tu utakapoomba kutolewa au waokoaji wakiona hali yako ni ya hatari.

Sikusikia dakika tano zilizofuata. Mwaka jana niliposhika ile kayaki nilijua tayari nimeshatoka, kwamba mkono ukigusa tu imeisha, ndo maana nikasema nipeleke. Hakuna aliyenitoa. Nilijitoa mwenyewe kwa sheria ambayo haipo. Nilitamani kulia pale kwenye kiti, na hapohapo nikasikia wepesi fulani ambao sijausikia tangu mwaka jana.

Baada ya kikao nikamfuata yule dada nikamshukuru, akashangaa, nikamweleza. Yeye ni mara yake ya kwanza. Tukakaa tunapiga stori, akaja na mzee mwingine mwenye miaka sitini na kitu ambaye ameshindana miaka mingi, yeye ndo akatusimulia kwamba triatloni ya kwanza kabisa kwa jina hilo ilikuwa Mission Bay kule San Diego, 25 Septemba 1974, watu 46, jioni ya siku ya kazi, mpaka giza likaingia wakawashiwa taa za magari. Wakati ule waliogelea wakiwa tayari wamekimbia na kuendesha baiskeli! Baadaye kuogelea kukawekwa mwanzo kwa usalama, maana misuli ikibana ukiwa barabarani unakaa chini, ikibana majini hakuna pa kukaa. "Lakini panapo pa kushika," akasema yule dada akiniangalia, tukacheka wote watatu.

Nimelala saa 3 usiku. Usingizi umekuja saa 5.

JUMAPILI

Saa 10 alfajiri niko macho. Nimekula kitu nilichozoea kula kabla ya mazoezi na si kingine, siku kama hii tumbo halijaribiwi. Vaselini shingoni, kwapani, mapajani, maana chumvi ikichanganyika na msuguano inachuna ngozi. Nimepanga vitu juu ya taulo: helmeti juu ya usukani kamba zikiwa wazi, viatu, namba, soksi zimekunjwa tayari kuvalika.

Saa 1 kamili kundi la kwanza likaondoka. Bahari kama kioo. Sisi tukaingia saa 1 na dakika 12, kofia za machungwa kama themanini, nikakaa pembeni na nyuma kwa makusudi ili nisipigwe mateke, afadhali kuogelea mita ishirini za ziada kuliko kupigwa kisigino kwenye miwani.

Honi ikalia.

Mita mia za mwanzo moyo ulikuwa unakimbia ovyo. Nikafanya lile moja nililoahidi kulifanya, kutoa hewa yote majini. Watu wengi tukipaniki tunadhani tumekosa hewa ya kuvuta kumbe kifua kimejaa ile ambayo hatujaitoa. Nikawa natoa mapovu mpaka mwisho, navuta, natoa. Boya la kwanza likafika, nikageuka kulia.

Kati ya la kwanza na la pili ni mita 700 sambamba na ufukwe, huko ndo kurefu. Mikono minane, chungulia. Mikono minane, chungulia. Nilianza vizuri ila kadri lile boya la pili lilivyokuwa kubwa mbele yangu ndo kifua kilivyoanza kukaza, ile kamba ya mwaka jana, palepale, kama bahari ilikuwa imeniwekea. Wimbi dogo likaniingia mdomoni nikakohoa. Nikavuta hewa nikapata maji tena. Nikasimama wima majini nikawa natweta.

Kayaki ilikuwa kama mita kumi. Nikanyoosha mkono juu, ikaja, alikuwa dada safari hii. Nikashika pua ya kayaki kwa mikono miwili. Akaniuliza "unatoka?" Nikatikisa kichwa, nikasema "napumzika tu dada." Akasema "haya, pumzika, mimi niko hapa sisogei, hesabu pumzi thelathini."

Nikahesabu. Mpaka ya kumi nilikuwa bado natetemeka. Ya kumi na tano nikaanza kuona vitu: jua limetoka lote, kofia nyingine mbili za machungwa ziko nyuma yangu kwa hiyo sikuwa wa mwisho, na kayaki ilikuwa imeanza kuvutwa taratibu kuelekea nje baharini mpaka dada akawa anapiga kasia ili tubaki palepale. Maji yalikuwa yanaanza kugeuka, kama mzee alivyosema. Ikawa kama kupata taarifa, nikajua nina kazi gani mbele. Ya thelathini ilipofika nikamwambia ahsante, nikaachia.

Nikalizunguka boya la pili. Nililigusa kwa kiganja nikipita, lina magamba yanakwaruza.

Mita 400 za kurudi nilielekeza kichwa kulia zaidi ya lango la kutokea, maana mkondo ulikuwa unanisukuma kushoto na nje, na kila nikichungulia lango lilikuwa limerudi katikati. Mkono ulipogusa mchanga nikaendelea kuogelea hatua chache mpaka maji yakafika magotini, ndo nikasimama. Dakika 41 na sekunde 20 pamoja na zile pumzi thelathini.

Nikakimbia kuelekea uwanjani. Safu ya nne, katikati. Baiskeli yangu ilikuwepo, imezungukwa na nyingine chache, na nilipoishika usukani mikono yangu ilikuwa inatetemeka mpaka kamba ya helmeti ilinichukua muda kuifunga.

Baiskeli ni mizunguko miwili ya kilomita 20, barabara ya kando ya bahari. Mzunguko wa kwanza raha tupu. Nikawa nakunywa kila dakika kumi na tano maji yenye chumvi na sukari, kichwa kimetulia. Mzunguko wa pili upepo ukaamka. Nchi kavu ikishapata joto hewa yake inapanda na ile ya baridi ya baharini inakuja kujaza nafasi, kwa hiyo kadri asubuhi inavyokwenda ndo unavyopigwa, na wa nyuma tunapigwa zaidi, huku nako. Nilishusha gia, nikainama, nikahakikisha miguu inazunguka kwa wepesi badala ya kukanyaga kwa nguvu, maana mapaja ukiyamaliza hapo kilomita 10 utazitembea. Mzee wa jana akanipita kwenye kilomita ya 31, akapaza sauti "umelipita boya?" nikamjibu "nimelipita mzee!" Saa 1, dakika 28 na sekunde 5.

Mbio. Matofali miguuni kilomita mbili za kwanza kama kawaida, kisha yakayeyuka. Jua sasa lilikuwa juu kweli na hakuna kivuli. Kila meza ya maji nachukua vikombe viwili, kimoja mdomoni kimoja kichwani. Joto mimi naliogopa kwa heshima, niliona ile mbio ya Septemba 2016 kule Cozumel, kisiwani Mexico, Mwingereza Jonny Brownlee anaongoza kabisa mita mia chache kabla ya mwisho akaanza kuyumba, kaka yake Alistair akamshika bega wakaenda naye mpaka mstarini akamsukuma avuke kabla yake. Kama linamfanyia vile mtu wa kiwango kile basi mimi napunguza mwendo mapema. Kilomita ya 6 nikatembea hatua hamsini kwa hiari yangu, nikaanza tena. Ya 8 nikamkuta yule dada wa swali anachechemea, misuli ya shavu la mguu imebana, nikakaa naye tukaenda pamoja mwendo wa taratibu mpaka akasema nenda, mimi nitafika. Na alifika, dakika sita nyuma yangu, nilikuwa nimesimama mstarini namsubiri.

Muda wangu wote ni saa 3, dakika 19 na sekunde 50. Nimeuandika kwenye kiganja kwa kalamu sijui kwa nini.

JUMATATU

Mapaja yanauma kushuka ngazi, kupanda hayana shida. Baiskeli nimeiosha yote kwa maji baridi yasiyo na chumvi, cheni nimeifuta na kuitia mafuta upya, ukiiacha na chumvi siku mbili tu unaikuta nyekundu.

Basi ni saa 6 mchana, kwa hiyo saa 2 asubuhi nimeshuka ufukweni na miwani. Maji yalikuwa yamejaa yametulia, nikaona boti ndogo inazunguka inakusanya maboya. La kwanza lilikuwa limeshatolewa. La pili bado. Yule mzee wa nyavu alikuwa pale pale, nikamwamkia, nikamuuliza maji yakoje.

"Yamesimama," akasema. "Una nusu saa."

Nikaingia.